Fimbo Tatu za Bi Somoe

Palikuwa na nchi, na kwa mujibu wa Gazeti la Serikali bado ipo. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi ya kutoa kibali imefungwa kwa ukarabati tangu uhuru. Inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi yenye amani nyingi, na kila Ijumaa asubuhi watu walikwenda uwanja wa mpira kuitazama amani hiyo ikichapwa mgongoni.

Aliyekuwa akichapa ni Sajini Kitojo, Mpambanuzi Mkuu wa Idara ya Kupambanua Bahati. Alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumpiga mbwa, hakuwahi kumpiga mke, na kuku wa sikukuu alichinjiwa na jirani kwa kuwa damu ya kuku ilimsumbua. Damu ya watu ilikuwa kazi, na kazi aliipenda.

Idara yenyewe ilizaliwa kwa hasira. Miaka ile matapeli walikuwa wameienea nchi kwa simu zao. Walimpigia mtu akiwa shambani anapalilia mihogo, wakampa hongera kwamba ameshinda bahati nasibu ya ng'ambo, wakamtaka atume ada ya usajili, kisha wakazima simu. Wananchi walipolalamika, serikali iliwaasa wawe makini. Lakini siku moja matapeli haohao wakampigia Baba Mlezi wa Taifa, yule ambaye sura yake imechapwa kwenye noti zote na kwenye chupa za maji. Wakamwambia ameshinda. Baba Mlezi hakuona ajabu, kwani hakuwahi kushindwa chochote tangu aanze kujihesabia kura. Akatuma ada, na ada yenyewe ilikuwa bajeti ya hospitali. Siku tatu alisubiri zawadi akiwa amevaa suti. Siku ya nne akatangaza vita.

Tatizo lilikuwa moja: matapeli hawakuwa na anwani. Waliokuwa na anwani ni washindi wa Bahati Nasibu ya Taifa, ambao majina yao na mitaa yao ilitangazwa redioni kila Jumamosi. Basi serikali ikaona ianze na hao.

Sheria ilipitishwa kabla ya chakula cha mchana. Ilisema hivi: "Mtu yeyote, wa cheo chochote, atakayetamka mbele ya umma kwamba zawadi ya bahati nasibu ipo na ni ya kweli, atapimwa kwa fimbo mgongoni mpaka akiri utapeli, au mpaka fimbo tatu zivunjike. Fimbo tatu zikivunjika, huyo ni mkweli. Akizirai, amekiri." Maneno "wa cheo chochote" hayakuwa na maana yoyote. Waandishi wa sheria waliyaweka kwa sababu huipendezesha sheria inaposomwa.

"Utafiti wetu wa kina," alisema Mheshimiwa Daktari Kipande, Mkurugenzi wa Idara, siku ya uzinduzi, "umethibitisha kwamba mgongo wa binadamu hauna uwezo wa kudanganya. Mdomo tumeujaribu, umetuangusha. Sasa tunakwenda mgongoni!"

Watu walipiga makofi. Waliokaa mbele walipiga zaidi, maana waliokaa nyuma yao walikuwa askari.

*

Mwanzoni kipimo kilikuwa na kasoro. Fimbo zilikuwa za mkwaju mkavu, na mkavu huvunjika. Mshindi wa kwanza, mwanamke muuza mkaa, alivunja fimbo mbili kwa mgongo wake, na ya tatu ilikuwa imeanza kupasuka alipozirai. Daktari Kipande alitokwa jasho siku hiyo kuliko aliyepigwa. Alimwita Kitojo ofisini akamwambia taifa limeponea chupuchupu.

Kitojo alikuwa mtoto wa fundi wa pinde. Alikumbuka jinsi baba yake alivyoloweka miti siku saba katika pipa la maji ya chumvi na mafuta ya ufuta, ikatoka inapinda kama utambi na haivunjiki hata ikikanyagwa na punda. Akafanya vivyo hivyo kwa fimbo za Idara. Tangu Ijumaa iliyofuata haikuvunjika fimbo hata moja. Washindi arobaini na mmoja walilazwa kwenye benchi la uwanjani, na wote arobaini na mmoja walikiri. Wengine walikiri kwa pigo la thelathini, wengine la mia. Kijana mmoja mwenye misuli alikiri kuwa tapeli, kisha akakiri kuwa jasusi, kisha akakiri kuwa ng'ombe, na yote yakaandikwa. Kitojo alivishwa Nishani ya Mkono Mnyoofu.

Ni mmoja tu aliyemsumbua kichwani. Mzee Shomvi, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliongea muda wote alipokuwa akipigwa, kana kwamba yuko mbele ya ubao.

"Sajini, nisikilize," alisema kwenye pigo la ishirini, shati limeshikana na nyama. "Tiketi nilinunua mwenyewe, nina stakabadhi. Namba imetoka hadharani. Sikuombwa nitume kitu ili nipewe kitu. Ya kweli hujulikana hivyo. Mgongo wangu unakwambia nini?"

Mgongo wake ulisema kwenye pigo la sitini na tatu. Alikiri kwa sauti ndogo, akapelekwa gerezani, na kabla wiki haijaisha akafa. Idara ilituma rambirambi kwa familia ya tapeli, na bili ya fimbo.

Kitojo alijiuliza maswali siku mbili. Siku ya tatu aliacha, kwa sababu alijiambia kwamba kama mzee yule angekuwa mkweli, fimbo zingevunjika.

*

Sasa, huyu Kitojo alikuwa na mkwe. Bi Somoe, mama wa mkewe Mwajabu, alikuwa mkunga aliyezalisha nusu ya mji ule, na nusu nyingine aliikaripia. Tangu hospitali ikose bajeti, wanawake walijifungulia uani kwake, juu ya majamvi, jua likiwachoma na mvua ikiwanyeshea. Alikuwa na hamu moja tu duniani: chumba cha kuzalia, chenye paa.

Matapeli walikuwa wameshampigia yeye pia. Aliwajibu kwa sauti ya kufika barabarani.

"Hongera mama, umeshinda!" kijana alimwambia simuni.

"Nimeshinda nini, nami sijacheza?"

"Namba yako imechaguliwa, mama. Tuma ada ndogo tu ya usajili."

"Mshindi hupewa. Tangu lini akatozwa?"

"Fanya haraka mama, mwisho saa sita. Na usimwambie mtu, kwa usalama wako."

"Ninyi!" Bi Somoe aliwaita majirani. "Njooni mumsikie huyu! Sijacheza, anasema nimeshinda. Ananipa, huku anataka nimpe. Ana haraka kama anayefukuzwa. Na anataka nifiche. Mwanangu, ukiona mambo manne hayo, huyo ni mwizi, hata akiwa na sauti tamu kama yako." Akakata simu, akarudi kwa mzazi aliyekuwa anasubiri.

Lakini bahati nasibu ya kweli aliiamini. Alimtuma Mwajabu amtume mumewe akamnunulie tiketi, naye Kitojo alikwenda mwenyewe kibandani kwa wakala, akalipa, akaona mhuri ukigongwa. Jumamosi, redio ilipotaja namba ya tiketi ile, kikombe cha chai kilimtoka Kitojo mkononi.

Katika nchi ile mwanamume hamtazami mkwewe usoni. Akikutana naye njiani humpisha, hata kama ni kuingia mtaroni. Hamgusi, hali mbele yake, na akiwa na neno humwambia mkewe, mkewe akamwambia mama yake, hata kama wote watatu wamo ua mmoja. Basi Kitojo alisimama uani kwa Bi Somoe akiutazama ukuta.

"Mwambie mama aichane hiyo tiketi," alisema.

"Mama, mume wangu anasema uichane."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mumeo kwamba hiyo tiketi aliinunua yeye. Sikupigiwa simu, sikutozwa ada, sikuharakishwa, sikuambiwa nifiche. Sasa niichane kwa kosa gani?"

"Mwambie watampiga."

"Nani atanipiga?"

Mwajabu alimtazama mumewe, kisha akamtazama mama yake. Hakuna aliyemtuma jibu hilo. "Yeye, mama," alisema.

Mzazi mmoja aliyekuwa amelala jamvini aliacha kuguna.

"Ahaa," alisema Bi Somoe. "Nilikuwa nikijiuliza mbona ana mabega mapana vile na halimi." Akaikunja tiketi, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Mwambie tutaonana Ijumaa. Chumba changu nakitaka."

Njiani Mwajabu hakupandisha sauti. "Mama yangu akiinuka pale benchini anaitwa tapeli, mimi na wewe basi. Na akifa, usinizike mimi wala yeye."

Kitojo aliomba likizo. Daktari Kipande alimkatalia huku akimpigapiga begani. "Uzalendo, Sajini, hauna ukwe. Nitakuja mwenyewe kushuhudia. Baba Mlezi amependa sana habari hii."

Siku nne Kitojo hakula vizuri. Alipiga hesabu zote. Akipiga polepole, fimbo haitavunjika, na kipimo hakina mwisho ila kukiri au kuzirai. Mkono mwepesi ungerefusha mateso tu. Fimbo zake mwenyewe ndizo zilizokuwa zimeufunga mlango. Kumwokoa mkwewe kulikuwa na njia moja: fimbo kavu, na apige kwa nguvu ambazo hajawahi kumpiga nazo mtu yeyote. Alikwenda ghalani zilikorundikwa fimbo ambazo hazijalowekwa, akachagua tatu, akazianika juani juu ya bati, kisha akazipaka mafuta kwa nje zing'ae kama nyingine. Alipomaliza alikaa chini akalia, kwa kuwa alijua sasa Mzee Shomvi alikuwa amesema kweli, na wengine arobaini pia.

*

Ijumaa uwanja ulijaa. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara mbili, mara ya pili kwa kuwa ya kwanza haikupendeza. Daktari Kipande alikaa jukwaani chini ya mwavuli. Askari wanne walisimama getini. Kama ilivyo desturi, Kitojo aliisoma sheria kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na umma ukaitikia, "Tumesikia."

Bi Somoe alisimama mbele ya benchi, akatamka inavyotakiwa: "Nimeshinda. Zawadi ipo na ni ya kweli." Kisha akalala kifudifudi mwenyewe, akamkatalia Koplo Chande, msaidizi wa Kitojo, aliyetaka kumshika miguu.

"Chande, nilikutoa kwa mama yako ukiwa umetanguliza makalio. Usinishike."

Chande akarudi nyuma.

Kitojo alisimama kando ya mgongo wa mkwewe, mgongo ambao kwa miaka kumi na moja hakuthubutu hata kuutazama ukipita. "Mama, nisamehe," alinong'ona.

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia moja kwa moja.

"Piga," alisema Bi Somoe.

Akapiga. Pigo la kwanza lilichana gauni. La tatu lilichana ngozi. Watu wa jukwaa la mbele, waliozoea, walishtuka, maana hawakuwahi kumwona Sajini akiruka ili apige. Bi Somoe alipumua kama alivyofundisha wanawake wapumue, kwa kituo, hewa ndani, hewa nje. Kwenye pigo la tisa fimbo ilikatika katikati, kipande kikaruka hadi kwenye tarumbeta la bendi.

Uwanja ulisema "Aa!" kwa pamoja. Daktari Kipande akasogeza mwavuli.

Fimbo ya pili ilifika pigo la kumi na saba. Hapo damu ilikuwa imeshapita ukingoni mwa benchi, inadondoka kwenye nyasi, na Bi Somoe alikuwa ameuma pindo la kanga lenye tiketi. Alikuwa anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kidole baada ya kidole, vinne, kisha anaanza upya: nilicheza, sikutozwa, sikuharakishwa, sikuficha. Fimbo ikalia, ikavunjika. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga kelele za furaha, akanyamazishwa kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakabaki pale.

Ya tatu ilikuwa ngumu. Mapigo kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Vidole vya Bi Somoe vilipunguza mwendo. Kitojo aliona kichwa chake kinalegea, akajua kwamba pumzi mbili tu zimebaki kabla hajazirai, na akizirai amekiri. Alirudi hatua tatu, akakimbia, akashusha mkono kwa uzito wote wa mwili wake. Ubavu ulilia. Fimbo nayo ililia, ikapasuka vipande vitatu.

Alipiga magoti palepale akilia kama mtoto. "Mama, zimekwisha. Zimekwisha zote."

"Nimehesabu," alisema Bi Somoe, mdomo umejaa damu. "Mbili ulipiga vizuri. Hiyo ya tatu ulichelewa."

*

Uwanja ulilipuka. Watu walikumbatiana, bendi ikapiga kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Kwa mara ya kwanza tangu sheria itungwe, mshindi alikuwa wa kweli.

Daktari Kipande aliteremka jukwaani akitabasamu. Alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Leo maadui zetu wameaibika! Walisema zawadi hakuna. Mimi, mbele yenu, natamka: zawadi ipo, na ni ya kweli!"

Makofi yalipokuwa yakiendelea, aliweka kipaza sauti chini, akainama sikioni kwa Bi Somoe. "Hongera, mama. Kuna ada ndogo tu ya kufungulia zawadi. Itume leo kabla ya saa sita, vinginevyo inarudi hazina. Na usimwambie mtu, ni kwa usalama wa taifa."

Bi Somoe alifumbua jicho moja. Taratibu aliinua mkono uliolowa damu, akakunja kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Cha nne hakikukunjika.

"Matatu kati ya manne," alisema. "Kinachokutofautisha na yule wa simuni ni kwamba safari hii nilicheza. Sajini."

"Naam, mama."

"Sheria umeisoma asubuhi. Isome tena."

Kitojo aliinuka. Alikuwa akiijua kwa moyo, na hakuwahi kuisikia. Akaokota kipaza sauti. "Mtu yeyote," alisema, na sauti yake ikazunguka uwanja, "wa cheo chochote, atakayetamka mbele ya umma kwamba zawadi ya bahati nasibu ipo na ni ya kweli, atapimwa."

Umma, kwa mazoea, ukaitikia, "Tumesikia."

Kisha ukasikia kweli.

Daktari Kipande alicheka. Akawatazama askari wanne wa getini. Wote wanne walikatwa fedha za tiketi ya bahati nasibu kwenye mshahara kila mwezi, na watatu wao walizaliwa uani kwa Bi Somoe. Waligeuka, wakafunga geti, wao wakiwa ndani.

"Sajini, nakuamuru! Mimi ni Daktari!"

"Utafiti umeonyesha mgongo hauna shahada," alisema Koplo Chande, akamnyanyua kwa mkanda wa suruali. Wanawake wawili walimsaidia Bi Somoe kushuka benchini na kumlaza ubavu kwenye nyasi, na Mheshimiwa akalazwa kwenye damu iliyokuwa bado ina joto. Suti ilichanwa kwa kisu cha mpiga ngoma. Mgongo wake ulikuwa mweupe na laini, haujawahi kubeba hata gunia.

Fimbo tatu kavu alizokuja nazo zilikuwa zimekwisha. Kitojo alikwenda kwenye pipa la Idara kando ya uwanja, akatoa moja iliyolowekwa siku saba. Ilikuwa inadondosha mafuta. Akaikung'uta, akapiga mara moja.

"Hakuna!" alipiga yowe Daktari Kipande. "Hakuna zawadi! Haijawahi kuwapo! Hata wale wa simu ni wetu, walihamia Idarani mwaka jana!"

Pigo moja. Muuza mkaa alivunja fimbo mbili. Sheria ilitaka kukiri kuwe kwa sauti ya kusikika, na kulisikika hadi sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Idara kwa mtu aliyekiri kusema kweli.

Kitojo alichukua fomu, maana utaratibu ni utaratibu, akasoma swali la mwisho. "Ni nani waliokutuma?"

Alipiga la pili kabla hajajibiwa, akashindwa kujizuia, akisema kwamba hilo ni la Mzee Shomvi. Majina yakaanza kumwagika. Chande aliandika mbele ya fomu, akaandika nyuma, akaandika kwenye karatasi za nyimbo za bendi. Lile la mwisho aliliandika, kisha akatoa noti mfukoni akalilinganisha jina na sura iliyochapwa humo.

"Mangapi?" aliuliza Bi Somoe kutoka kwenye nyasi.

"Arobaini, mama."

"Na fimbo?"

Kitojo alipiga magoti karibu naye. Kwa mara ya kwanza alimtazama mkwewe usoni, naye hakugeuza uso. "Ziko nyingi ghalani, mama. Lakini ni kavu. Zitawavunjikia mgongoni, na sheria itasema ni wakweli."

Bi Somoe alifumba macho, akavuta pumzi kwa kituo, akaiachia.

"Basi loweka, mwanangu," alisema. "Mimi sina haraka."